Fungu la Sabiha

Mwaka ule Malkia wa Uingereza alipotawazwa, na watoto wa shule wakagawiwa vikombe vyenye picha yake, Bi Asmahani alinunua nyumba katika mtaa wa Usagara. Hakuwa na mume wala mtoto. Mume wake wa pili alikuwa amempa talaka kwa sababu hakuzaa, naye akaapa kwamba hatalala tena chini ya paa ambalo mwanamume anaweza kumwambia toka. Kwa miaka mingi alikuwa akiwapikia makuli wa bandarini wali wa nazi, maharage na samaki wa kukaanga, na siku za mshahara pilau. Alikuwa mfupi, mwenye sauti nene, na makuli walimwogopa kuliko walivyomwogopa mnyapara wao.

Aliyemuuzia nyumba hiyo aliitwa Zubeiri. Alikuwa dalali anayejulikana mjini Tanga, mtu wa kanzu isiyo na doa na maneno matamu. Nyumba hii hakuwa akiiuza kwa niaba ya mtu mwingine. Ilikuwa yake mwenyewe, aliirithi kwa baba yake. Bi Asmahani alimwuliza swali moja tu.

"Bwana Zubeiri, nyumba ni yako?"

"Ni yangu kama kanzu hii niliyovaa," alijibu.

Basi akauza vikuku vya dhahabu alivyoachiwa na mama yake, akaongeza na akiba yake, akalipa. Waliandikiana mbele ya mashahidi wawili, akatia dole gumba. Siku ile alilala sakafuni katika chumba kitupu, mlango wazi, kwa raha tu ya kujua kwamba hakuna wa kumfukuza.

Nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Makuti yalikuwa yamechoka, kuta zimepasuka. Bi Asmahani aliziba kuta, akapaka chokaa, akaondoa makuti na kuezeka bati. Vyumba vinne akavipangisha kwa watu wa reli. Halafu serikali ikaleta bomba la maji kwenye kona ya mtaa, na watu waliokuwa wakiucheka mtaa ule wakaanza kuulizia nyumba.

Haukupita muda mrefu, Ijumaa moja baada ya sala, Zubeiri akabisha hodi. Nyuma yake alisimama mwanamke aliyejifunika buibui, mwembamba, macho chini.

"Bi Asmahani, huyu ni dada yangu Sabiha. Ameolewa Mkwaja. Sisi ni baba mmoja mama mmoja."

"Karibuni. Dada, hujambo?"

"Sijambo," alijibu mwanamke yule, kwa sauti ya mtu aliyefundishwa la kusema.

Zubeiri akakaa barazani, akakunja kanzu yake vizuri. "Jambo lenyewe ni dogo. Nyumba hii aliiacha baba yetu. Mimi nilikuuzia kwa ujinga wangu, nikasahau kwamba dada naye ana fungu lake. Sasa amekuja kulidai."

Bi Asmahani alidhani anatania. Hakuwa anatania. Kesi ilipelekwa kwa Kadhi, na siku ya kusikilizwa watu walijaa, maana hakuna kinachowavuta watu wa Tanga kama kesi ya mirathi. Zubeiri alisimama, akajishika kifua, akasema kwa sauti ya kusikika hadi nje:

"Kadhi wangu, mimi sitasema uongo mahali hapa. Baba yetu hakumpa mtu kitu katika uhai wake. Hakuandika wasia. Kila alichokiacha ni chetu sisi wawili, mimi mafungu mawili, dada yangu fungu moja. Nilikosea kuuza peke yangu. Mungu anisamehe."

Watu wakatikisa vichwa kwa kumsifu mtu anayekubali kosa lake. Kadhi akahukumu kama sheria inavyosema: alichouza Zubeiri ni mafungu yake mawili, kwa hiyo Bi Asmahani anamiliki hayo mawili, fungu la tatu ni la Sabiha. Wakubaliane, na wasipokubaliana, nyumba iuzwe kwa mnada wagawane.

Bi Asmahani alitaka kulinunua fungu lile. Sabiha alikataa, au kaka yake alikataa kwa kinywa chake. Siku ya mnada ilipofika, mpiga mnada aliita mpaka akakauka koo. Zubeiri alikuwa amepita mtaa kwa mtaa akinong'ona kwamba nyumba ile ina matata, aliyeinunua atazeekea mahakamani. Mtu mmoja tu ndiye aliyetaja bei, mchuuzi wa Barabara ya Tano, naye akaipata kwa bei ya banda la kuku. Bi Asmahani hakujua kwamba mwenye fungu naye anaruhusiwa kutaja bei. Baada ya wiki chache mchuuzi yule aliihamishia nyumba kwa Zubeiri, na hapo kila mtu akaelewa.

Bi Asmahani alipokuwa akitoa vyungu vyake, Zubeiri alisimama barabarani akitazama paa.

"Bati zuri hili," alisema. "Wahenga hawakukosea, Bi Asmahani. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Bi Asmahani alijitwika sufuria kubwa kichwani akaondoka. Lakini shoga yake mmoja aliyemsaidia kubeba vyombo alisema baadaye kwamba njia nzima Bi Asmahani alikuwa akitabasamu, na kwamba tabasamu lile lilimtia baridi.

Alipanga chumba karibu na bandari. Fedha aliyopata kwenye mnada hakuila wala hakununulia dhahabu. Aliifunga kwenye kitambaa, akaificha, akarudi kwenye mafiga yake. Watu walimpa pole, wakamwambia ashitaki tena, wengine wakamwambia aende kwa mganga wa Kidigo aliyeweza kumfanya mtu avimbe tumbo. Aliwasikiliza wote akiendelea kuchambua mchele.

"Tumbo likivimba litapona," alisema. "Mimi nataka akose pa kulala."

Miongoni mwa wateja wake alikuwapo karani wa mahakama, Mbondei wa Muheza aliyeitwa Zebedayo. Alikuwa Mkristo, mtu mpole, mpenda samaki. Bi Asmahani akaanza kumwekea kipande cha mkia, kile kilichokauka vizuri, na kila akimpa sahani anampa na swali.

"Mwanangu, mtu akitaka kununua nyumba, aanze na nini?"

"Aulize imetoka wapi, mama. Muuzaji aliipataje? Akisema alinunua, amwoneshe aliyemuuzia. Akisema alirithi, hapo ndipo ukae chini kabisa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu maiti hana mrithi mmoja. Uliza wake walikuwa wangapi, watoto wangapi, waliokufa waliacha nani. Na usiridhike na neno la mmoja. Kila mrithi aje aseme kwa kinywa chake kwamba ameuza, hata kama yuko Unguja. Na wanawake ndio wanaosahauliwa."

"Husahauliwa, au hufichwa?"

Zebedayo akacheka. "Wewe umeshajua."

Siku nyingine alimwuliza kuhusu kiwanja. Karani akamweleza kwamba mtu anaweza kuwa na nyumba na asiwe na ardhi iliyo chini yake, kwamba kuna viwanja vya serikali, kuna vya watu vinavyolipiwa kodi, na kuna vya wakfu ambavyo havinunuliki hata kwa dhahabu. Akamweleza kuhusu rehani: nyumba inaweza kuwa imewekwa kwa mwenye duka, na mnunuzi akalipa akakuta deni limemsubiri mlangoni. Akamwambia mipaka isioneshwe na muuzaji peke yake, majirani waitwe, watembee pamoja. Na fedha isitoke mkononi kabla maandishi hayajasomwa kwa sauti mbele ya mashahidi ambao muuzaji hakuwaleta yeye.

Bi Asmahani alipenda maswali haya kama watu wengine wanavyopenda nyimbo. Akiwa peke yake aliyarudia. Alianza kwenda mahakamani asubuhi baada ya kubandika maharage, akaketi upande wa wanawake akisikiliza kesi za watu wengine. Hapo ndipo alipomsikia Kadhi, katika shauri la ndugu wawili wa Pangani, akitaja shufaa. Alipotoka hakungoja kesho. Alimvizia Kadhi kwenye ngazi.

"Shikamoo, Kadhi."

"Marahaba, mama."

"Nina swali. Ndugu wawili wana nyumba haijagawanywa. Mmoja akimuuzia mtu wa nje fungu lake, yule mwenziwe ana haki gani?"

"Ana shufaa. Ana haki ya kulichukua fungu lile kwa bei ileile, amtoe mgeni. Lakini adai papo hapo anapopata habari. Akinyamaza, au akilidharau, haki imemponyoka."

"Hata akijuta kesho?"

"Majuto hayana shufaa, mama."

Bi Asmahani akamshukuru, akaenda kugeuza maharage yake.

Yapo mambo mawili ambayo Tanga nzima iliyajua na hakuna aliyeyaunganisha. La kwanza, nyumba kubwa aliyokaa Zubeiri, yenye mlango wa nakshi, ilikuwa ya baba yake. La pili, shamba la minazi la Moa, karibu na mpaka wa Kenya, nalo lilikuwa la baba yake. Kama kila alichoacha mzee ni mafungu matatu, basi fungu la Sabiha lilikuwa ndani ya kitanda alicholalia Zubeiri. Lakini Sabiha hakuwahi kula hata nazi moja ya Moa.

Bi Asmahani akafunga jiko lake, akapanda lori mpaka Pangani, akavuka mto kwa kivuko, akaendelea kusini kwa lori la chumvi na pengine kwa miguu, hadi akaingia Mkwaja akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Sabiha alipomwona mlangoni alirudi nyuma hatua.

"Usiogope," alisema Bi Asmahani. "Sikuja kwa shari yako. Nipe maji kwanza."

Akanywa, akakaa juu ya jamvi. Sabiha alikuwa mke wa mvuvi, nyumba ya udongo, watoto wanne. Bi Asmahani akamwuliza kwa utaratibu, kama anayemnyoa mtoto.

"Dada, kaka yako alikwambia nini kuhusu nyumba anayokaa?"

"Kwamba baba alimpa hiba alipokuwa hai."

"Na shamba la Moa?"

"Hiba vilevile."

"Ulikuwepo akipewa?"

"Sikuwepo."

"Unamjua shahidi yeyote?"

Sabiha alitazama jamvi. Alikuwa akichezea pindo la kanga.

"Siku ile ya kesi," Bi Asmahani akaendelea, "ulisikia maneno yake mbele ya Kadhi? Alisema baba yenu hakumpa mtu kitu katika uhai wake. Alisema kila alichokiacha ni chenu wawili. Mimi nilikuwepo, na wewe ulikuwepo, na ukumbi mzima ulikuwepo."

Uso wa Sabiha ukabadilika polepole, kama wa mtu anayehisi sindano baada ya nyama kuwa imekufa ganzi. "Alinitumia," alisema. "Alinichukua hapa akanipeleka nikakunyang'anye wewe, akanipa doti mbili za kanga na nauli. Pesa ya fungu langu alisema anaiweka yeye, asije mume wangu akaila."

"Na hukuiona."

"Sikuiona."

"Basi mshitaki."

"Mimi? Yeye ndiye kaka yangu mkubwa, ndiye aliyenioza. Nisimame naye mbele ya watu? Mama yangu atageuka kaburini." Halafu akainua macho kwa mara ya kwanza. "Lakini wewe si dada yake."

Ni kwa ajili ya hilo Bi Asmahani alikuwa ametoka Tanga. Akafungua kitambaa. "Niuzie fungu lako. La nyumba anayokaa, na la shamba la Moa. Fedha yote niliyopata katika mnada ni hii. Sikufichi, haitoshi kwa mali ile."

"Unaninunua rahisi."

"Sinunui nyumba, dada. Nanunua ugomvi, na ugomvi ukishindwa nitakuwa nimeitupa fedha hii baharini. Kama unaweza kugombana mwenyewe, usiniuzie, nitarudi zangu na wala sitakuchukia."

Sabiha alikwenda kumwita mumewe kutoka ufukweni. Walizungumza nyuma ya nyumba, sauti zikapanda zikashuka. Waliporudi, mume ndiye aliyesema: "Tunauza."

Kabla ya kutoa fedha, Bi Asmahani aliuliza maswali yote. Marehemu aliacha mke? Alikwisha kufa kabla yake. Watoto wengine, hata wa nje? Hapana. Fungu hili limewekwa rehani? Limeahidiwa mtu? Mume ana dai lolote? Aliuliza mpaka jumbe wa Mkwaja, aliyeitwa kuwa shahidi, akapiga miayo. Maandishi yalisomwa kwa sauti. Sabiha akatia dole gumba, na wakati wino ungali mbichi akasema, "Atakapolia, nataka nipate habari."

Hatua iliyofuata Bi Asmahani aliipanga vizuri kuliko pilau ya harusi. Alichagua wakati wa baada ya alasiri, ambapo baraza ya Zubeiri hujaa wazee wa kunywa kahawa. Alikuja amevaa buibui jipya, akiwa na makuli watatu Waislamu wenye ndevu na sauti zilizozoea nyimbo za kuvuta kamba. Akasalimia wote, akatoa shikamoo kwa wakubwa. Kisha akasimama mbele ya Zubeiri.

"Bwana Zubeiri, nimekuletea habari, na hawa wote ni mashahidi kwamba nimekuletea. Nimenunua fungu la dada yako Sabiha katika nyumba hii na katika shamba la Moa." Akataja bei, akairudia. "Wewe ni mshirika wake. Sheria inakupa haki ya kunitoa kwa bei hiyohiyo. Nakuuliza mbele ya watu: unalitaka?"

Bei ilikuwa ndogo. Zubeiri angeweza kuilipa kabla kahawa haijapoa. Ila kuilipa kungekuwa kukubali kwamba Sabiha ana fungu ndani ya nyumba ile, na wazee wote walikuwa wamesikia hadithi ya hiba. Akawatazama wazee, akawatazama makuli, akaamua kucheka.

"Nilitake la nini? Umenunua hewa, bibi. Sabiha hana kitu hapa. Nenda kaivute hewa yako."

"Hulitaki?"

"Silitaki wala silijui. Ondoka barazani kwangu."

"Mmesikia," Bi Asmahani akawaambia wazee, akaondoka kwenda kushitaki kwa Kadhi.

Kesi ya pili ilijaza watu kuliko ile ya kwanza. Zubeiri alileta hadithi yake ya hiba. Kadhi akamsikiliza hadi mwisho, mkono umeshika ndevu.

"Mashahidi wa hiba wako wapi?"

"Wamekufa, Kadhi wangu."

"Wote?"

"Wote, Mungu awarehemu."

"Ni bahati mbaya. Lakini yuko shahidi mmoja hai. Ni wewe. Ulisimama hapo hapo ulipo ukasema baba yenu hakumpa mtu kitu katika uhai wake. Sikukuuliza, ulisema mwenyewe, na sauti yako ilitoka nje. Siku ile ulisema kweli au uongo?"

Watu wakasogea mbele. Kama alisema uongo siku ile, basi alimnyang'anya mwanamke nyumba kwa ushahidi wa uongo. Kama alisema kweli, hiba haipo. Zubeiri akasema kwa sauti ndogo, "Kweli."

"Basi mama huyu ni mshirika wako."

"Kadhi wangu, kama ni hivyo, nadai shufaa! Nitamlipa fedha yake sasa hivi, na zaidi!"

Wazee wawili wa kahawa, marafiki wa Zubeiri mwenyewe, waliulizwa wakaeleza walichosikia barazani. Walisema kwa aibu, ila walisema. Kadhi akahukumu kwamba shufaa ilipita na upepo siku ile alipocheka.

Nyumba ikabaki ya shirika bila kugawanywa, wakapangiwa tu mahali pa kukaa. Bi Asmahani akapata vyumba viwili vya kushoto na sehemu yake ya ua. Akahamia asubuhi, na mafiga yake akayasimika mahali ambapo pepo za kusi zingepeleka moshi moja kwa moja kwenye dirisha la chumba cha Zubeiri. Makuli wakaanza kuja kula pale. Waliketi kwenye ile baraza ya wazee wa kahawa, wakicheka na kutema mifupa ya samaki, na wazee wakatafuta baraza nyingine. Kila alfajiri, Zubeiri akitoka kwenda msikitini, sauti nene ilimfuata ukumbini: "Umeamkaje, mshirika wangu?" Hakuacha hata siku moja, hata alipokuwa na homa.

Sitamsingizia huruma ambayo hakuwa nayo. Alifurahi. Alinenepa mwaka ule. Msimu wa kuangua nazi alimpeleka mtu Moa kuchukua fungu lake, naye alirudi akamweleza jinsi Zubeiri alivyosimama juani kuhesabu nazi kwa mkono wake, na Bi Asmahani akamtaka arudie maelezo hayo mara mbili. Alimpelekea Sabiha salamu na kanda la nazi. Zubeiri akakosa na kazi yake ya udalali, maana kila aliyetaka kununua nyumba kwake alipitia kwanza kwa Bi Asmahani kupewa maswali, na Zubeiri hakuwa na majibu.

Aliyeumia bila kosa ni mke wa Zubeiri, Chiku. Alikuwa mwanamke wa taratibu, mwenye kikohozi, na moshi ulimmaliza. Siku moja alikuja uani akachuchumaa karibu na mafiga.

"Dada Asmahani, mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Sasa mbona nakohoa damu yangu kwa moshi wako?"

Bi Asmahani aliendelea kukuna nazi. Mkono wake ulisita, Chiku alisema baadaye, lakini ulisita kidogo tu. "Mwambie mumeo auze, uondokane na moshi," alijibu.

Jioni ile alihamisha mafiga hadi pembe ya pili ya ua. Salamu ya alfajiri hakuiacha.

Zubeiri alijaribu kuuza mafungu yake mawili. Wanunuzi walikuja, wakatazama ule mlango wa nakshi, wakamwona mama ameketi ndani na mwiko mkononi, wakaaga. Mwishowe mwenye duka mmoja akakubali kwa bei ya kudhalilisha, akidhani atamtisha mwanamke yule aondoke. Kabla hawajamaliza kushikana mikono, Bi Asmahani alikuwa amesimama mlangoni na mashahidi wake.

"Nadai shufaa," alisema. "Bei hiyohiyo. Papo hapo."

Sehemu ya fedha alikuwa nayo, sehemu alichangiwa na makuli kwa upatu wao. Ilipofika zamu ya Zubeiri kutoka na vyombo vyake, majirani walisogea wasikie Bi Asmahani atasema nini. Walingoja maneno makali. Alisimama tu mlangoni akamtazama, kitu kimoja baada ya kingine, mpaka godoro la mwisho, na Zubeiri akaomba mwenyewe, "Sema basi, bibi. Sema unalotaka." Hakumpa hata hilo.

Nyumba ya Usagara ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na waliomdai, kwa hiyo alikwenda kuishi Moa katika banda la shambani. Chiku hakumfuata. Alisema kifua chake hakiwezi umande wa minazi, akamwomba Bi Asmahani ampangishe chumba. Bi Asmahani alimpangishia, kwa kodi kama ya watu wengine, na wanawake wale wakaishi pamoja, wakisemezana machache.

Zubeiri alikufa kabla Uhuru haujafika, huko huko Moa, na kwa kuwa mkewe alikuwa Tanga, watu wakaweka matanga kwenye nyumba ile. Chiku akakaa eda katika chumba cha kushoto. Sabiha akaja kutoka Mkwaja, akalia, na hakuna aliyeweza kujua analia kwa ajili ya nini. Bi Asmahani alipika. Alipika sufuria nne za wali na hakumruhusu mtu mwingine kushika mwiko.

Baada ya dua, mzee mmoja wa wale wa kahawa alikuja uani pamoja na wenzake.

"Bi Asmahani, marehemu ameondoka. Mwenye kumdai ni wajibu ajitokeze. Tumekuja kumwombea radhi kwako."

"Simdai kitu."

"Alhamdulillahi. Umemsamehe, basi?"

"Nimesema simdai."

"Mama, hayo ni mambo mawili."

"Najua ni mawili," alisema Bi Asmahani. Akafunua sufuria ya tatu, akatazama kama wali umeiva, akawaambia wakae wapakuliwe.

Wakakaa. Chiku, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia, alisema kwamba watu walipokwisha kuondoka, Bi Asmahani aliingia chumbani kwake na sahani ya wali, akaiweka chini, akasimama kidogo kama mtu aliyesahau alichofuata. Kisha akamwuliza kama marehemu, huko Moa, aliugua sana. Chiku akamwambia aliugua wiki mbili, peke yake, na kwamba alikuwa akiulizia habari za nyumba ya Usagara.

"Aliulizia nini?"

"Kama bati linavuja."

Bi Asmahani akaitikia kwa kichwa, akachukua taa, akatoka. Alfajiri iliyofuata alikuwa uani akichochea moto kama kawaida, na makuli walikuwa wameshaanza kujipanga barazani.